Kamera Isiyofunguliwa

Mwenye kibanda cha mitumba alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio ulioleta balaa lote.

"Kaka, nisikudanganye," alisema, huku akifuta vumbi kamera ndogo ya chuma iliyokaa kati ya pasi isiyo na waya na saa tatu za ukutani zilizokubaliana kwamba ni saa saba kasoro. "Hii ni ya kupigia filamu. Filamu hasa, ya mkanda, ile ya kina babu. Mkanda wenyewe mwembamba kama kamba ya kiatu, madukani haupo. Ukiupata, dakika nne umekwisha. Halafu unautuma nchi za mbali kusafishwa, unakaa mwezi na nusu unasubiri. Chukua redio."

Mteja hakutaka redio. Alizungusha ufunguo wa ubavuni, akabonyeza kitufe, na kamera ikalia: krrrrr. Sauti tamu, ya heshima, kama ya paka aliyesoma.

"Ikiwa na mkanda inaliaje?"

"Hivyohivyo."

"Na mtu akitaka kuhakikisha kama mkanda umo?"

"Atahakikisha vipi? Akifungua, mwanga unaingia, picha zote zinakufa papo hapo. Hii haifunguliwi ovyo, kaka."

Mteja akatoa pochi. Wapo watu waliokutana na kipenzi cha moyo wao harusini, na wapo waliokutana naye kwenye foleni ya benki. Yeye alikutana na wake pale, kati ya pasi na saa. Chombo kinachotoa kelele ya kazi bila kufanya kazi, na anayekikagua ndiye anayeonekana mharibifu! Kuna ofisi nyingi ambazo zimetafuta chombo cha namna hiyo kwa miaka bila kukipata.

Kuanzia siku hiyo mtaa ulimwita Lenzi. Majina aliyoitwa kabla ya hapo hayafai kuandikwa mahali ambapo walimu wanaweza kusoma.

Sasa, mtego bila panya ni ubao tu, na Lenzi alikuwa na panya wake tayari. Alikuwa Tajiri wa Magodoro, mwenye duka la ghorofa moja pale kona, magodoro chini, familia juu. Katika duka lake taa iliwashwa mteja anapoingia na kuzimwa anapoacha kuuliza bei. Chai ya nyumbani kwake ilichemshwa kwa majani ambayo tayari yalikuwa yamestaafu mara mbili.

"Tajiri, unajulikana mjini?" Lenzi alimuuliza, akiwa amevaa skafu shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Najulikana."

"Na mwenye sofa pale ng'ambo?"

Tajiri akatazama ng'ambo. Mwenye sofa alikuwa ametundika picha yake mwenyewe juu ya mlango, kubwa kuliko mlango.

"Ana picha," Tajiri akasema kwa uchungu.

"Picha imesimama. Wewe nataka utembee."

"Mpwa wangu ana simu. Atanipiga video bure."

"Video ya simu! Tajiri, video ya simu hata mbuzi anayo. Filamu ya mkanda ni kitu cha watu wazito. Watu wakikuona kwenye mkanda wanajua huyu mtu amegharamiwa."

Neno hilo lilimwingia Tajiri kama mwiba. Lenzi aliuona uso ukifunga duka, akageuza usukani haraka.

"Lakini sisi tutabana matumizi."

"Mtabana kiasi gani?"

"Mpaka matumizi yenyewe yaombe msamaha."

"Kaa," Tajiri akasema, akamvutia kiti.

Wakaelewana. Tajiri angetoa bahasha moja ya kununulia mikanda na kuisafisha. Lenzi angelala stoo, juu ya godoro la maonyesho ambalo halikuondolewa nailoni, na kupata chai na mayai kila siku ya kazi. Filamu ingeitwa *Shujaa Asiyeshindwa na Usingizi*, na shujaa, bila kura kupigwa, alikuwa Tajiri. Lenzi alikwishapanga kazi ianze Jumatatu na imalizike Alhamisi. Ijumaa asubuhi, Tajiri akienda kupokea mzigo wa sponji, mwongozaji angekuwa mbali na bahasha yake.

Mpango ulikuwa safi. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikaa kwenye kiti cha plastiki juu ya ngazi.

Alikuwa mama mkwe wa Tajiri. Nyumba nzima ilimwita Bibi. Marehemu mume wake alikuwa karani wa posta aliyependa kamera kuliko cheo, na kila Jumapili kwa miaka ishirini alipiga filamu. Alipokufa aliacha mikanda mitatu aliyoipiga bila kuwahi kuisafisha. Bibi aliihifadhi katika kopo la maziwa chini ya kitanda, pamoja na barua kutoka kwa wasafishaji wa mbali iliyosema kwamba ndiyo, mikanda ya zamani namna hiyo bado inasafishika, kwa nyeusi na nyeupe, na gharama yake ni hii hapa. Kwa miaka kumi na moja alimwomba mkwewe alipie. Kwa miaka kumi na moja mkwe alijibu, "Mama, marehemu ana haraka gani?"

Marehemu hakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa Bibi. Jicho lake la kushoto lilikwishazima, na daktari alimwambia kwamba la kulia, akibahatika, lingemfikisha mwisho wa mwaka. Alitaka kumwona mume wake akitembea kabla ya hapo. Hakuwa na ombi lingine.

Siku ya kwanza alimshika Lenzi mkono pale ngazini.

"Mjukuu wangu, wewe ni mtu wa filamu. Nina mikanda mitatu ya babu yako, haijasafishwa. Itatoa kitu?"

Lenzi, ambaye ujuzi wake wa mikanda uliishia kwenye ule wa suruali, hakuangalia hata kopo. "Imeshaoza, Bibi. Itupe tu."

"Ahaa," Bibi akasema.

Ieleweke kwamba "ahaa" ya mwanamke wa umri ule si neno. Ni jalada linalofunguliwa.

Kazi ikaanza. Adui wa shujaa alikuwa mpagazi wa duka, mtu aliyebeba magodoro sita kichwani bila kushika na ambaye kila mtu alimwita Kontena. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za reli ya kamera, Lenzi aliketi kwenye toroli la mizigo na Kontena akamsukuma, kisha akakimbia mbele ili awahi kuwa adui. Malkia alikuwa mke wa Tajiri, taji lake likiwa chujio la chai lililofunikwa karatasi ya sigara. Kila tukio lilipigwa mara moja tu.

"Hakuna kurudia!" Lenzi alipiga kelele. "Mkanda ni mali!"

Tajiri alipenda sana sheria hiyo. Alifika mahali akawa anaitekeleza yeye mwenyewe. Kontena alipopiga chafya katikati ya tukio, Tajiri aliamuru chafya iingizwe kwenye hadithi kuliko kupoteza mkanda.

Jumanne aliruka kutoka kwenye ngazi juu ya magodoro saba yaliyopangwa. Aliangukia ukingoni, akazama kati ya magodoro na ukuta, na kwa muda kidogo filamu haikuwa na shujaa.

"Mume wangu," mkewe akasema akichungulia chini, "miaka kumi na minane sijakuona ukiruka hata dimbwi. Usife kabla sijaona filamu."

"Imeingia?" sauti ikatoka ukutani. "Bwana Mwongozaji, imeingia?"

"Imeingia yote, Tajiri!"

Krrrrr, ikasema kamera, tupu kama ahadi.

Jumatano alasiri Bibi alimwita Lenzi, akamwonyesha kigoda.

"Leo siku ya tatu unapiga filamu."

"Ndiyo, Bibi. Kazi ni ngumu."

"Mkanda wa kamera kama hiyo unapigwa upande mmoja dakika mbili. Kisha unaingia gizani, unafungua, unaugeuza kama mtu anavyogeuza shuka, unapiga upande wa pili. Mimi ndiye niliyekuwa namfunika mume wangu blanketi akiugeuza. Wewe umepiga siku tatu, mjukuu wangu. Umegeuza lini?"

Lenzi akafungua mdomo. Ulimi wake, ambao uliwahi kumuuzia mtu kiingilio cha soko lisilo na geti, ulilala chini kama mkeka.

"Hizi za kisasa, Bibi..."

"Ya kisasa? Hiyo ni rika la mama yako. Nimwite Kontena?"

"Bibi, tuongee kiutu uzima."

"Mimi ndivyo ninavyoongea siku zote. Nisikilize. Mimi sikuchukii kwa kuwa unaiba. Nasikitika kwa kuwa unaiba kidogo. Bahasha moja, halafu mbio! Mtaa huu una mwenye sofa, ana mwenye vigae wa kumwonea wivu, na mwenye saruji anawaonea wivu wote. Waonyeshe filamu moja ya kweli, moja tu. Kila mmoja atakuletea bahasha kwa mikono miwili. Hapo ndipo mtu mwenye akili anapokimbia."

Lenzi alimtazama kikongwe yule kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mwalimu yeyote.

"Bibi, ujanani ulifanya kazi gani?"

"Nilikuwa mke wa karani wa posta. Nilijifunza kusubiri."

"Lakini mkanda nitautoa wapi?"

"Ninayo mitatu mipya, mume wangu aliiacha haijaguswa. Hiyo nakupa. Wewe lipia kusafisha tu." Akataja gharama bila kufikiri, kama mtu anayetaja siku yake ya kuzaliwa. Ilikuwa sawa na bahasha yote. "Na kupakia nitapakia mimi. Mikono yangu gizani inaona kuliko macho yangu mchana. Wewe ukigusa utaua picha."

Hapo mtu mwingine angejiuliza maswali mawili au matatu. Lenzi alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu wivu wa mwenye saruji.

Basi filamu ikaanza upya Alhamisi, Tajiri akiambiwa kwamba siku tatu zilizopita yalikuwa mazoezi, na kwamba mazoezi hayalipiwi. Akafurahi. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, Lenzi akiwa wa kwanza. Alianza kufanya kazi. Aliwaza kwamba safari hii kila krrrrr inabaki milele, na wazo hilo likamtia woga, kisha likamtia bidii. Alihamisha Malkia mara nne mpaka mwanga wa dirisha ukamwangukia shavuni. Alimgombeza shujaa kwa kutazama kamera. "Tajiri, mimi si mpiga picha za pasipoti! Mtazame adui!" Alimwambia Kontena asikunje uso, asimame tu na kupumua, na Kontena aliposimama na kupumua, wateja wawili walitoka dukani bila kununua.

Kila baada ya dakika mbili Bibi alipokea kamera, akaingia nayo stoo, akajifunika blanketi, akakaa humo akivuma wimbo, akatoka.

"Imegeuka," alisema.

"Ahsante, Bibi."

"Unapiga vizuri, mjukuu wangu. Babu yako angekupenda." Katika yote aliyosema wiki ile, hilo lilikuwa kweli.

Jumatatu akamkabidhi makopo matatu yaliyofungwa kwa utepe mweusi. Mwizi akapanga foleni posta. Akajaza fomu kwa herufi kubwa, akaandika jina lake halisi kwa mara ya kwanza tangu shule, akaisukuma bahasha ya Tajiri kwenye tundu la dirisha na kuiangalia ikienda.

Wiki sita alisubiri. Mchana alizunguka mtaani akiwatia wafanyabiashara joto. Wote walijibu kwa mdomo mmoja kwamba kwanza waone, na wote walikubali kuja na bahasha mfukoni, ili wasipitwe. Bibi naye alisubiri. Siku hizo alikuwa anapapasa kikombe kabla ya kukishika, na mara mbili alimwita binti yake kwa kumwelekea Kontena.

Mikanda iliporudi, maonyesho yakawekwa Jumapili saa nne asubuhi, sebuleni juu ya duka. Mashine ya kuonyeshea ilitoka chini ya kitanda cha Bibi, imepakwa mafuta na kufungwa kwenye kanga. Shuka likatundikwa ukutani. Mapazia ya Tajiri yalikuwa mepesi kama uchumi wake, kwa hiyo Kontena akapandisha magodoro manne na kuyashindilia kwenye madirisha manne. Giza likawa zuri, lenye harufu ya sponji mpya. Mwenye sofa alikaa nyuma, mwenye vigae kando yake, mwenye saruji akakosa kiti. Tajiri alikaa mbele katika suti mpya. Mbele yake zaidi, karibu na shuka mpaka magoti yakaligusa, alikaa Bibi.

Lenzi akawasha mashine.

Ukungu wa kijivu ukacheza. Kisha barabara yenye baiskeli nyingi. Kisha msichana katika gauni la madoadoa, anakimbia huku anacheka, amejificha uso kwa kikapu.

"Huyo nani?" Tajiri akauliza.

"Utangulizi," akasema Lenzi. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo.

Msichana akashusha kikapu. Lenzi akaliona lile jicho linalopima watu, akageuka kumtazama Bibi, na mwanga wa shuka ukamwonyesha uso uleule uliokunjwa na miaka. Hapo hesabu ikamjia yote kwa mkupuo. Mikanda mipya haikuwahi kuwepo. Kamera ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu Alhamisi, ilikuwa tupu Ijumaa, ilikuwa tupu wakati anahamisha Malkia mara nne kwa ajili ya shavu! Alikuwa ametoa jasho la haki, la kwanza maishani mwake, kwa kisanduku chenye hewa, na hakukifungua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu kwamba hakifunguliwi.

Akaweka mkanda wa pili. Mtoto mchanga akaogeshwa kwenye karai, akapiga maji kwa hasira.

"Karai letu hilo!" mke wa Tajiri akapiga ukelele. "Mama, yule ni mimi!"

"Tajiri," mwenye sofa akaita kutoka nyuma, "shemeji anaoga mbele za watu. Shujaa yuko wapi?"

"Ninakuja!" Tajiri akajibu kwa hasira. "Subirini, ninakuja!"

Mkanda wa tatu ulianza kwa kuyumba, kama kamera imeshikwa na mtu asiyezoea. Mwanamume mwembamba akaingia kwenye picha akielekeza kwa vidole jinsi kamera inavyoshikwa, akacheka, akavua kofia, akaanza kusema na aliyeishika. Bibi akainua mkono, akaugusa ukingo wa shuka.

Tajiri akasimama. Kivuli chake kikamfunika marehemu mpaka kiunoni.

"Mimi niko wapi?"

"Tajiri, hii ni filamu ya kisanaa..."

"Niliruka! Nilizama ukutani! Niko wapi? Kontena!"

Kontena akasimama na kupumua, kama alivyofundishwa.

"Ni yeye!" Lenzi akalia, akinyoosha kidole. "Bibi ndiye aliyepakia! Mkanda ulikuwa mikononi mwake, muulizeni!"

"Mimi?" Bibi akasema bila kugeuka. "Mimi nisiyekiona hata kijiko?"

Chumba kizima kikaguna. Kumsingizia kikongwe asiyeona, tena ndani ya nyumba yake! Bahasha tatu zilisikika gizani zikirudi kwenye mifuko ya ndani. Lenzi aliangalia mlango, akaona Kontena. Akaangalia dirisha, akaona godoro. Akalichagua godoro. Alilirukia kwa mabega yote mawili, likachomoka, wakatoka pamoja.

Mwenye sofa alikimbilia dirishani, akatazama chini barabarani.

"Hajaumia," alitangaza. Akatazama tena, ikambidi aseme kweli. "Godoro zuri hilo."

Lakini Tajiri hakuisikia sifa aliyoisubiri maisha yake yote, maana alikuwa anapiga kelele, na Kontena anatafuta viatu, na wafanyabiashara wanashindana kueleza jinsi walivyogundua tangu mwanzo. Jua la saa nne lilikuwa limeingia kwa dirisha lile na kumwagika juu ya shuka. Mashine iliendelea kuzunguka, lakini ukutani palikuwa na shuka tu, jeupe.

"Dirisha!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Bibi akipaza sauti. Wote wakamgeukia.

"Zibeni dirisha," akasema, mkono wake bado ukipapasa pale uso ulipokuwa. "Alikuwa bado anaongea."

Godoro lilikuwa barabarani na mkanda ulikuwa unakwisha. Binti yake akamtazama mume wake. Miaka kumi na minane ya ndoa humfundisha mtu kusoma macho. Tajiri akaangalia dirisha, akajiangalia yeye, upana kwa upana. Akaenda, akapanda juu ya kizingiti, akageuza mgongo, akatandaza mikono na koti lake jipya mpaka mwanga wote ukafa.

Basi Tajiri wa Magodoro akapata sehemu yake kwenye filamu. Alikuwa giza. Na kwa kauli ya mwenye vigae, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, aliicheza vizuri.

Mwanamume mwembamba alikuwa bado yupo ukutani. Alimaliza alichokuwa anasema, akangoja kidogo kama anayengoja jibu, na Bibi akamjibu kwa sauti ambayo haikumfikia mtu mwingine. Kisha mkanda ukateleza, ukabaki mwanga mtupu, na Tajiri akaanza kushusha mguu mmoja.

"Usiondoke hapo, mkwe," Bibi akasema. "Nataka kumwona tena."